Antena ya V juu ya mabati: kunasa picha za mawingu kutoka Umoja, Nairobi

Kabla hujanunua hata skrubu moja, tupa mwongozo wowote unaokuambia utafute NOAA 15, NOAA 18 au NOAA 19. Setilaiti hizo tatu za hali ya hewa za Marekani zilizimwa mwaka wa 2025: 18 mwezi wa Juni, mbili zilizobaki mwezi wa Agosti. Mimi sikujua. Nilikaa juu ya paa siku tatu mfululizo nikingoja ile sauti yao ya tik-tok tik-tok niliyoambiwa nitaisikia. Nikalaumu kebo. Nikabadilisha konekta. Nikamgombeza hata mpwa wangu kwamba amechezea kompyuta. Kumbe nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Zinazofaa sasa kwa antena ya kujitengenezea ni za Urusi: Meteor-M N2-3, iliyorushwa Juni 2023, na Meteor-M N2-4, iliyorushwa Februari 2024. Zote hutumia megahezi 137.9, na mara nyingine wenyewe huzihamishia 137.1, kwa hivyo ukikosa huku jaribu kule. Anza na N2-4. Ile N2-3 antena yake haikufunguka sawasawa huko juu, na mawimbi yake hupanda na kushuka hata kama wewe umefanya kila kitu vizuri. Hiyo si ya kujifunzia.

Kazi yangu ni kufunga dishi na antena za TV, karibu Eastlands yote nimepanda mapaa yake, na ndiyo maana mwanzoni nilikosea. Dishi unalielekeza mahali pamoja, unakaza nati, unashuka, unalipwa. Setilaiti ya TV iko kilomita 36,000 na kwa macho yetu imesimama pale pale. Meteor iko kilomita 820 hivi, inazunguka dunia nzima kwa dakika 100 na kidogo, na kwako inakaa juu ya upeo wa macho kama robo saa tu. Huwezi kuifuata na dishi ukiwa umeshika kikombe cha chai mkono wa pili. Unachotaka ni antena inayotazama anga lote kwa wakati mmoja, na rahisi kuliko zote ni hii ya herufi V, vyuma viwili tu.

Vyuma vyenyewe nilivipata bure. Unakumbuka zile antena ndefu za VHF zilizokuwa juu ya miti kila ploti, kabla ya TV kuhamia dijitali mwaka wa 2015? Nyingi bado zipo, hazina kazi tena ila kukaliwa na ndege. Nilimwomba keateka wetu, mtunzaji wa ploti, moja iliyolala nyuma ya tangi. Akaniuliza, "Fundi, hii unaenda kuuza kwa skrepu?" Nikamwambia, "Hapana mzee, nataka kupiga picha mawingu." Alinitazama kwa muda, halafu akanipa, lakini alibaki pale kuona kama kweli siendi nayo kwa mizani. Kama huna antena ya kubomoa, fimbo yoyote ya alumini au shaba yenye unene wa penseli inatosha. Waya mnene wa stima nao hufanya kazi, ila unalegea, kwa hivyo ufunge kwenye kijiti kikavu usiiname.

Hesabu ya urefu ni nyepesi. Gawanya 300 kwa 137.9, unapata mita 2.175, huo ndio urefu wa wimbi moja. Kila mkono wa V ni robo ya hapo, yaani sentimita 54.4. Kwa kuwa chuma kina unene na ncha zake, urefu halisi huwa mfupi kidogo, na wengi waliotengeneza antena hii hutumia 53.4. Mimi hukata 55 kwa msumeno wa chuma halafu napunguza kwa tupa, maana alumini ukishaikata fupi huwezi kuirudishia. Pima kutoka pale kebo inapofungwa mpaka ncha, pamoja na kile kipande kinachofichwa na boliti. Hicho nacho ni antena.

Sasa pembe. Mikono hiyo ifunguke digrii 120. Usitafute kipimapembe cha mtoto wa shule, shika futi. Kama kila mkono ni 53.4 na inakaribia kugusana katikati, basi umbali kati ya ncha na ncha unatakiwa uwe sentimita 92 na nusu. Ukiacha nafasi ya sentimita moja katikati, uwe 93 na nusu hivi. Ukikosea kidogo haidhuru. Sababu ya 120 badala ya kunyoosha vyuma viwe mstari mmoja ni mbili: V inaona anga kwa upana mzuri zaidi, na ukinzani wake hushuka ukakaribia omu 50 ambazo kipokezi kinazitaka.

Cha kushikilia vyuma katikati, tumia ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule wa sokoni. Nimejaribu mbao, mvua ya kwanza zikanywa maji. Plastiki haipitishi umeme, hainywi maji, na inatoboka kwa drili bila kupasuka. Ponda mwisho wa kila fimbo kwa nyundo mpaka ulale bapa, toboa, funga na boliti na washa mbili mbili. Vyuma viwili visigusane. Ubao huo uufunge kwenye mwisho wa paipu ya PVC ya inchi moja, paipu ikitokea nyuma ya V, upande ambao haujafunguka, na kebo ipite humo humo ili isikatize mbele ya mikono.

Kebo ni ile ile ya dishi, RG-6. Kuna wanaosema lazima iwe ya omu 50 kwa sababu ya dishi ni 75. Tofauti hiyo inakupotezea asilimia 4 tu ya nguvu, na kwa kebo ya mita nane hupotezi hata desibeli moja njiani. Usiingie gharama. Ila nakuomba uangalie jambo moja ambalo limenisumbua kazini miaka mingi: ule wavu wa nje wa RG-6 nyingi ni wa alumini, na alumini haishiki solda. Utapiga solda mpaka plastiki iyeyuke na risasi itakuwa inateleza tu kama maji juu ya jani la mgomba. Kwa hivyo usipige. Sokota wavu vizuri, uingize kwenye kishikizo cha duara cha kubana, kile mafundi wa gari hutumia kwenye waya za betri, ubane kwa koleo, halafu kaza chini ya boliti ya mkono mmoja. Waya wa katikati nao vivyo hivyo kwenye mkono wa pili. Upi uende wapi si kitu. Ukimaliza, funika maungio yote kwa silikoni, na acha kebo ining'inie kidogo kama tumbo kabla ya kuingia dirishani, ili maji yadondokee hapo yasiifuate ndani mpaka kwenye kompyuta.

Upande wa ndani kebo inaishia kwa konekta ya F kama kawaida, kisha adapta ya F kwenda SMA, ile konekta ndogo ya kipokezi, kisha kipokezi chenyewe cha USB. Kipokezi hiki watu hukiita RTL-SDR, kidude cha ukubwa wa flashi, kizazi cha vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya kutazama TV kwenye kompyuta mpaka mwaka wa 2012 wajuzi walipogundua kwamba chipu yake inaweza kusikiliza karibu chochote. Hicho ndicho kitu pekee ghali katika kazi hii. Usinunue kisicho na boksi wala jina, vingi vya namna hiyo huhamahama kwenye masafa vikipata joto.

Ilipofika kupandisha antena nilifanya kosa la pili, na hili ndilo nataka ulisome polepole. Fundi wa TV amefunzwa kitu kimoja: juu zaidi ndiyo bora. Nikachukua paipu ya mita moja na nusu, nikaifunga mpaka V ikawa mita moja na ushei juu ya mabati. Picha ya kwanza ikaja, nikapiga kelele mpaka mama wa chini akauliza kuna nini. Sudan Kusini inaonekana. Ethiopia ipo. Msumbiji na kisiwa cha Madagaska, safi. Lakini katikati kuna ukanda mweusi mpana, kuanzia karibu na Marsabit kushuka mpaka kusini ya Arusha. Nairobi yenyewe, mahali niliposimama, haimo. Siku ya pili, vile vile. Nikafikiri wanaficha.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Mabati ni kioo. Wimbi linalotoka juu kabisa ya kichwa hupiga antena, likaendelea chini, likagonga mabati na kurudi. Kama antena iko nusu ya wimbi juu ya mabati, yaani sentimita 109 hivi, lile linalorudi linafika likiwa limepinduka na kulifuta lile linaloshuka. Setilaiti ikiwa mbali kaskazini au kusini, pembe ni nyingine na hakuna kufutana. Ikiwa utosini, ndipo antena inazibwa sikio. Nikashusha V mpaka robo ya wimbi, sentimita 54 juu ya bati, ambapo mawimbi hayo mawili hujumlishana badala ya kupigana. Kesho yake Mlima Kenya ulikuwepo. Kwa hiyo kama una mabati au slabu yenye nondo, weka antena yako nusu mita juu yake na uache tamaa ya urefu. Ukikosa paa, hata uwanja ulio wazi na kigingi kifupi unatosha.

V ilale bapa kama sahani, si kusimama. Mawimbi mengi ya mjini, redio za walinzi, simu za upepo za matatu na kadhalika, husafiri yakiwa yamesimama wima, kwa hivyo antena iliyolala huyapunguza bila wewe kununua chochote. Ufunguzi wa V uelekee kaskazini au kusini, kwa sababu setilaiti hizi hupita kutoka ncha moja ya dunia kwenda nyingine. Usitumie dira ya simu ukiwa juu ya mabati, inadanganya. Fungua ramani, tazama barabara yako imelalia wapi, na linganisha na ukingo wa jengo.

Na kabla sijasahau: paa za ploti zetu nyingi hazina ukingo, na waya za stima hupita karibu kuliko unavyodhani. Fimbo ya alumini ikigusa waya huo hakuna atakayekupigia picha mawingu. Panda mchana, paa likiwa kavu, na mtu mwingine awepo. Radi ikianza, chomoa kebo kutoka kwenye kipokezi uiweke mbali, usingoje kuona kama itapita.

Programu ni SatDump. Ni ya bure, ipo ya kompyuta na hata ya simu ya Android ukiwa na kebo ya OTG, ile ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu. Kwenye Windows utahitaji kwanza kuweka draiva ya kipokezi kwa programu ndogo iitwayo Zadig. Chagua kipokezi chako, weka masafa 137.9, chagua mpango ulioandikwa Meteor LRPT 72k, bonyeza kuanza setilaiti inapochomoza. Kwenye skrini utaona ukanda mpana wa zaidi ya kilohezi 100 unaoteremka kama kanga iliyoanikwa, na namba ya desibeli ikipanda pole pole. Mimi nikiona 6 au 7 natulia. Hii ni picha ya dijitali: haitoki na chenga kama TV za zamani. Ama mstari umefika, ama haukufika na unabaki mweusi.

Kiwango cha kukuza mawimbi usikiweke mwisho. Hapa Nairobi redio za FM zimejaa kuanzia 88 mpaka 108, zina nguvu, na kipokezi kidogo kama hiki hulewa zikimwagika ndani. Punguza hatua kwa hatua mpaka uone kelele ya chini imeshuka kuliko mawimbi yenyewe yalivyoshuka. Hapo ndipo pake. Kama bado kinalewa, nunua kichujio cha kuzuia FM, lakini punguza kwanza.

Kujua saa ya kupita, tumia Look4Sat kwenye simu au Gpredict kwenye kompyuta, na usasishe data yake kila wiki. Zikikuonyesha saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, hapo Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana: toa tatu, unapata saa yetu moja kwa moja. 06:12 ya UTC ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. 17:40 ukitoa tatu ni 14:40, toa kumi na mbili, ni saa mbili na dakika arobaini usiku. Huku karibu na ikweta setilaiti moja hupita mara nne hivi kwa siku, mbili kwa kufuatana na nyingine mbili kama saa kumi na mbili baadaye, na katika kila jozi mara nyingi ni moja tu inayopanda juu vya kutosha. Iliyo chini ya digrii 30 achana nayo, majengo ya jirani yameshaimeza. Watu wa Norway wanapata nyingi mno kwa sababu njia zote hukutana huko juu. Sisi tunangoja.

Kisha kuna kelele ya nyumba, na hii ndiyo kazi yenyewe. Antena ni ya alasiri moja. Kelele niliisaka kwa mwezi. Taa za LED za bei ya chini, chaja za mtaani, dikoda, pampu ya maji ya ploti, vyote vinatema uchafu kwenye 137. Namna ya kuvikamata: washa kipokezi kompyuta ikiwa kwa betri, tazama skrini, halafu shusha swichi kuu ya nyumba yako. Skrini ikitulia, adui ni wako. Rudisha stima, chomoa kimoja kimoja mpaka umpate. Kwangu alikuwa chaja ya simu niliyonunua kwa soo moja, yaani shilingi mia, iliyokuwa inaimba saa ishirini na nne hata bila simu. Skrini isipotulia, adui ni wa jirani, na hapo ni maneno matamu na kusogeza antena mita tatu nne upande wa pili wa paa. Vipande vyeusi vya feraiti vinavyobana kebo, vile utavikuta kwenye kebo za skrini mbovu, funga viwili karibu na antena na kimoja karibu na kompyuta. Husaidia uchafu usipande kwa mgongo wa kebo.

Picha yangu bora niliipata siku stima ilipopotea mtaa mzima. Watu wanalalamika kwenye ngazi, mishumaa inatafutwa, mimi niko juu na kompyuta yenye betri asilimia 30. Nilikuwa sijawahi kuona skrini tulivu namna ile. Desibeli zikapanda kuliko siku zote, hakuna mstari mmoja uliokosekana, kutoka mpaka wa Misri mpaka chini ya Zambezi. Tangu siku hiyo, stima ikipotea, kitu cha kwanza naangalia ni ratiba ya Meteor.

Kwenye picha ya mchana, kila nukta ni kama kilomita moja. Tafuta Ziwa Turkana kwanza, ni refu na jeusi na halina mfano, kisha shuka. Asubuhi Ziwa Victoria mara nyingi hubeba mawingu ya ngurumo juu ya maji, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya ziwa. Ikifika mchana mawingu huhamia ukingoni na maji hubaki wazi. Mwezi wa Julai utaona kwa nini Nairobi tunavaa sweta: blanketi ya kijivu, nyororo, imeegemea nyanda za juu, na upande wa Magadi jua limewaka.

Keateka siku hizi hupanda mwenyewe kuniuliza, "Fundi, leo nguo ziachwe ama zianuliwe?" Namwambia, "Mzee, hii ni picha ya sasa, si ya baadaye." Hakubali. Kwa hivyo namwonyesha ya asubuhi na ya usiku pamoja, anaona wingu limetoka wapi likaelekea wapi, na anaamua mwenyewe. Wiki iliyopita ndiye aliyekuja kuniambia kwamba mwewe ametua juu ya antena akaupinda mkono wa kushoto. Niliunyoosha kwa goti, nikapima ncha kwa ncha: 91. Nimeiacha hivyo hivyo, bado inapokea.